Mpima Macho na Kisanduku cha Fono

Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akiuliza swali lile lile. Mteja akishakaa kwenye kiti, kidevu kikishatulia, na ile fremu nzito ya majaribio ikishapanda puani, yeye huchomeka lenzi, huizungusha kidogo, kisha huuliza kwa upole, "Herufi zinasomeka vizuri kwa ipi? Moja... au mbili?" Mteja akijibu, anabadilisha lenzi na kuuliza tena. Basi mtaa mzima ukamwita Moja-au-Mbili. Wapo waliopimwa naye wakiwa darasa la kwanza, na sasa wanamletea watoto wao, lakini jina alilopewa na wazazi wake hawalijui. Hata mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, akitaka kumchokoza mezani humwinulia chupa ya chumvi na ya pilipili. "Moja au mbili, mume wangu?"

Alipofika miaka sitini na moja, aliamua kupima macho asubuhi tu. Mchana alirudi nyumbani, akala, akaingia kwenye chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, akafunga mlango. Mle ndani alikuwa na santuri zipatazo mia nne, zimesimama kwenye rafu kama vitabu, na mitambo aliyoinunua mmoja mmoja kwa miaka mingi. Mashine ya santuri ilikuwa nzito, sahani yake ikizunguka bila kutetemeka. Spika mbili ndefu zilimfika kifuani. Amplifaya ilikuwa imara na ikipata joto ungeweza kukaushia soksi juu yake. Kimoja tu kilikuwa cha hovyo, nacho ni kile kisanduku cha fono.

Alijaribu kumweleza mkewe umuhimu wake. "Sindano ikipita kwenye mifereji ya santuri inazaa umeme mdogo sana, kama mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Amplifaya haiwezi kuusikia. Halafu waliochonga santuri walipunguza besi makusudi, ili mifereji isitanuke ikagongana, wakazidisha sauti nyembamba ili zishinde mikwaruzo. Kwa hiyo lazima katikati pawe na kisanduku cha kuukuza ule mnong'ono na kurudisha kila sauti mahali pake. Kikikosea kidogo, umepotea."

"Kumbe ni miwani ya santuri," mkewe akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo ningekuwa nimeshaelewa, na chai isingepoa."

Kisanduku chake cha zamani kilikuwa kimeanza kuchoka. Upande wa kushoto ulikuwa ukififia katikati ya wimbo, kama mtu anayesinzia mkutanoni, ukaamka ghafla na mlio wa kukwaruza. Kikipigwa kofi kidogo kinatulia. Wiki ile kofi lilipokataa kufanya kazi, mkewe akamwambia, "Mimi nilijengewa jiko langu nikanyamaza. Sasa zamu yako. Nenda kanunue kitu cha maana, mara moja, usije ukaninunulia tena takataka ya kupigwa makofi."

Ruhusa ya namna hiyo haiji mara mbili. Kesho yake saa saba alikuwa anapanda ngazi za duka lililo juu ya stoo ya rangi.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kutengeneza mashine za hospitali kabla ya kugeukia vyombo vya sauti. Watu walimwita Injinia. Hakuwa na maneno mengi. Wauzaji wengine wakimwona mteja wanaanza kuimba sifa za bidhaa. Yeye alimwuliza sindano yake ni ya aina gani, chumba kina ukubwa gani, na anapenda kusikiliza nini. Akachukua visanduku vitatu, akaviweka nyuma ya pazia, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi kilichopasuka pale pa kuwekea mkono.

"Sitakuambia kipi ni kipi," akasema. "Utasikiliza tu. Haya, cha kwanza." Akapiga kipande cha wimbo. Akachomoa waya, akachomeka. "Na cha pili. Kipi kizuri, mzee wangu? Cha kwanza au cha pili?"

Moja-au-Mbili akajisogeza mbele kitini. "Rudia," akasema. Injinia akarudia. Cha kwanza kilikuwa kitamu, lakini cha pili je? Au kilikuwa kitamu kwa sababu sauti ilikuwa juu kidogo? Akaogopa kukosea, akaogopa kuonekana hajui, akaogopa hata kumchosha huyu binti anayechomeka na kuchomoa. Ndipo alipokumbuka nyuso zote zilizowahi kukaa mbele yake na kusema kwa aibu, "Samahani, naomba tena." Akaanza kucheka peke yake.

"Kuna nini?"

"Nimewatesa watu miaka thelathini na sita," akasema. "Siku zote nawaambia hakuna jibu baya, waseme tu wanachokiona. Kumbe kiti hiki ni kigumu hivi!"

Injinia akacheka kwa mara ya kwanza. Akapiga na cha tatu, kisha akatoa pazia. Kimoja akakiondoa palepale, kwa sababu alimwona mzee hakukishtukia hata kidogo. Vikabaki viwili. Cha kwanza kilikuwa cha rangi ya fedha, uso wake unang'aa, ndani kina zile taa ndogo za kioo kama zilizokuwamo kwenye redio za kale, na kikiwashwa zinawaka rangi ya chungwa. Ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote dukani. Cha pili kilikuwa cheusi, kizito kama tofali, hakina taa wala urembo, kimetengenezwa na fundi mmoja na mwanawe katika karakana yao. Nacho hakikuwa cha bei rahisi, ila ukikitazama ungedhani ni chaja ya betri ya gari.

"Vichukue vyote viwili nyumbani wiki moja," Injinia akasema. "Ila usivipime kwa santuri nzuri. Santuri nzuri ni kama mtoto mwenye sura nzuri, hata ukimvisha gunia anapendeza. Tafuta ile inayokusumbua. Ile ambayo kila ukiipiga unahisi kuna kitu hukisikii."

Alijua palepale ni ipi. Alishuka ngazi amebeba visanduku, na moyo wake haukuwa tena kwenye visanduku.

Alikuwa na dada yake mmoja tu, mkubwa wake kwa miaka mitano. Dada huyo alifanya kazi maisha yake yote kituo cha simu, akiwa opereta, tangu enzi za kuunganisha watu kwa mikono mpaka siku mitambo ya kisasa ilipomtoa. Kabla ya hapo, akiwa msichana wa miaka ishirini na nne, aliimba mwaka mmoja na bendi iliyokuwa ikipiga kwenye ukumbi mmoja mwisho wa wiki. Alikuwa sauti ya pili. Mbele aliimba mwanamume, yeye nyuma yake, chini kidogo, akimshikilia. Siku moja bendi ilikwenda kurekodi. Waliimba kutwa nzima katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, wakarudi nyumbani wakiwa wameishiwa sauti.

Baada ya mwezi santuri ikatoka. Kwenye jalada, mahali pa sauti ya pili, pakaandikwa jina la msichana mwingine. Dada akaenda kumwuliza kiongozi wa bendi. Yule bwana akamjibu bila hata kusimama kwamba sauti yake haikuwa nzuri, waliifuta, wakamwita mwenzake akaja kuimba upya. Dada hakubishana. Alirudi nyumbani, akakunja gauni la jukwaani, akalitia kwenye sanduku, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiimba tena, hata akiwa jikoni, hata akimbembeleza mtoto. Santuri yenyewe hakuwahi kuisikiliza. Mdogo wake aliinunua kwa siri, akaiweka mwisho wa rafu, kwa miaka arobaini na miwili.

Alikuwa ameipiga mara nyingi mkewe akiwa ametoka. Wimbo ulihusu mtu anayengoja treni isiyokuja. Lakini sauti ya pili ilikuwa ukungu mtupu: ilijulikana ipo, haikujulikana ni ya nani.

Siku ya kwanza akaunganisha kile cha rangi ya fedha. Loo! Chumba kilijaa. Gitaa zilitiririka kama asali, besi ikapita sakafuni ikapanda miguuni. Mkewe, ambaye kwa kawaida akisikia santuri huuliza itaisha lini, alikuja akasimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi, akabaki hapo nyimbo mbili nzima.

"Hiki ndicho," akasema. "Mrudishie huyo binti tofali lake."

"Bado sijalijaribu."

"Mtu akishaonja asali anajaribu nini tena?"

Karibu amsikilize. Siku tatu alikaa na kile cha fedha, na kila santuri aliyoitia ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoanza kumkereketa. Hata santuri zilizorekodiwa vibaya zilikuwa nzuri. Hata ile ya treni ilikuwa nzuri, tamu kabisa, na sauti ya pili imelainishwa kama shuka lililopigwa pasi. Bado hakujua ni ya nani.

Siku ya nne akaunganisha cheusi. Alipokiwasha, spika zikatoa mvumo mzito, mmmmmm, chumba kizima.

"Nyuki wako wamefika," mkewe akaita kutoka jikoni.

Akampigia Injinia simu. Akaambiwa aangalie waya mwembamba wa kijani unaotoka kwenye mashine ya santuri, kwamba lazima ubanwe kwenye skrubu iliyo nyuma ya kisanduku, ndio unaozuia mvumo. Skrubu ilikuwa ndogo na imelegea. Akachukua bisibisi yake ya kukazia miguu ya miwani, akajipenyeza nyuma ya meza, tumbo limembana, akakaza. Mvumo ukakatika kama umefungiwa mlango. Ukimya uliobaki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alisikia saa ya ukutani sebuleni.

Akaweka santuri ya kwanza, na moyo ukamshuka. Asali hakuna. Gitaa zilikuwa gitaa tu. Kulikuwa na ukavu fulani, kama mtu anayekuambia habari bila kukuchekea. Alikaribia kukichomoa. Lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akivaa miwani sahihi kwa mara ya kwanza hulalamika. Husema sakafu imepanda, husema kuta zina ncha. Naye huwaambia wavae siku mbili kwanza. Basi na yeye akajiambia avumilie. Akaitoa santuri ya treni kwenye jalada, akaifuta vumbi kwa brashi, akashusha sindano.

Mwimbaji wa mbele akaingia. Na nyuma yake, hatua mbili hivi upande wa kushoto, akasimama mtu. Haukuwa ukungu tena. Alikuwa mtu mwenye kifua, anayevuta pumzi. Wakaimba pamoja ule mstari wa kiitikio, "Siku sita nasubiri," na kwenye kila "s" ya yule mtu wa nyuma kukatoka mluzi mwembamba, mwembamba sana, kama hewa inayopenya kwenye ufa wa dirisha.

Moja-au-Mbili akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

Alipokuwa na miaka kumi na moja, alimpakia dada yake nyuma ya baiskeli ya baba bila ruhusa, akashuka nayo mteremko, breki zikakataa. Yeye aliumia goti. Dada alivunjika pembe ya jino la mbele. Nyumbani dada alisema alijikwaa kwenye ngazi, na hakubadilisha maneno mpaka wazazi wakazikwa. Tangu siku hiyo akitamka "s" hewa humponyoka pembeni ikapiga mluzi.

Lakini alikuwa mpima macho. Alijua watu wangapi wamewahi kuisoma ile chati mpaka mstari wa mwisho kwa sababu tu waliikariri wakiwa nje. Mtu huona anachotaka kuona. Akarudisha kisanduku cha fedha, akasikiliza. Mluzi ulikuwapo, sasa kwa kuwa anajua mahali pa kuutafuta, lakini umezungushwa ncha, umepakwa sukari. Akarudisha cheusi. Ukatoka wazi. Hakuridhika. Akamwita mkewe.

"Mwalimu, njoo ukae hapa. Sikuambii kitu. Sikiliza mpaka mwisho, uniambie umesikia nini."

Mkewe akakaa, taulo begani, uso wa mtu anayesubiri kuachiwa aende. Kiitikio kikaja, kikapita. Kikaja mara ya pili. Akanyanyua kichwa.

"Wifi," akasema.

"Umesemaje?"

"Huyo si wifi yangu huyo? Anasema 'siku' kama anapuliza chai. Ameimba lini? Mbona hukuniambia?"

Hapo Moja-au-Mbili akajifuta macho, akasingizia vumbi la santuri. Kisha akamsimulia mkewe yote.

Kumleta dada haikuwa kazi nyepesi. Neno "bendi" lilitosha kumfanya ainuke na mkoba wake. Kwa hiyo akampigia simu kumwambia miwani yake ya kusomea inahitaji kukazwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana ilikuwa imepinda kwa kulaliwa. Jumapili baada ya chakula cha mchana dada akaja, mrefu, mkavu, amevaa viatu vya kufunga kamba kama anaenda zamu. Mdogo wake akaikaza miwani pale mezani, akamvisha, akatazama kama imekaa sawa juu ya masikio, kisha akasema kwa mkupuo, "Dada, nimeipiga ile santuri. Ni wewe uliyeimba."

Uso wa dada ukafunga. "Umeniita kwa miwani?"

"Nimekuita kwa miwani, nisamehe. Ni wewe, dada. Hawakukufuta."

"Mdogo wangu, mimi niliambiwa kwa mdomo, nimesimama mbele ya mtu. Usinifukulie."

"Aliyekuambia alikudanganya."

Mkewe akaona mambo yanaharibika, akaweka mkono juu ya bega la wifi yake. "Wifi, mimi sikuwa najua lolote. Nilikuwa naosha vyombo. Niliitwa nikasikiliza, nikakutaja mwenyewe. Kama ni uongo, basi na mimi nimo."

Dada akamtazama muda mrefu. Alimheshimu wifi yake, kwa sababu alikuwa mtu asiyebembeleza. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Sindano ikashuka. Kiitikio cha kwanza hakutikisika. Cha pili, kidole chake cha shahada kikaanza kugonga mkoba. Wimbo ulipoisha, akasema bila kumwangalia mtu, "Pale ubeti wa tatu nilichelewa kuingia. Nilijua nimechelewa. Nilimwomba turudie, akasema hapana, tunakwenda." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Kwa hiyo alinisikia. Alinisikia vizuri sana, akaiacha vilevile."

Hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kutisha kwa sababu ilikuwa ya kimya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Arobaini na miwili," akasema. "Nimelea watoto watatu bila kuwaimbia. Mdogo wangu, unajua mtu anatumia nguvu kiasi gani kutoimba?"

Mwalimu wa hesabu akatoka akarudi na maji. Dada akanywa yote, akaweka glasi chini, akasema, "Rudia."

Wakarudia mara nne.

Yule kiongozi wa bendi alikuwa amekufa zamani, hapakuwa na wa kumwuliza. Lakini jina la yule msichana mwingine lilikuwa palepale kwenye jalada, na dada alikuwa opereta kwa miaka thelathini. Kumtafuta mtu kwa simu ilikuwa kazi yake. Jumatatu alianza na mjane wa mpiga ngoma, akaenda kwa binamu wa mjane, akaenda hospitali alikofanyia kazi mtoto wa binamu, na Jumatano saa nne asubuhi akaongea na mwanamke mwenye sauti nzito, ya watu waliozoea kuita watoto kutoka mbali.

Baadaye alimsimulia mdogo wake mazungumzo yale neno kwa neno.

Alijitambulisha.

"Nilikuwa nakungoja," yule mwanamke akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Niliitwa kurekodi siku ya pili yake, nikaimba. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenye chumba kile cha magodoro, ikabidi jina langu liwepo, wamfurahishe. Santuri ilipotoka niliisikiliza mara moja tu nikajua wameacha sauti yako, si yangu. Mimi sipigi mluzi kwenye 's'. Watu walikuwa wananipongeza barabarani kwa kitu nisichokifanya. Niliona aibu, nikaacha kuimba."

"Na wewe uliacha?"

"Niliacha, mwenzangu. Ningepandaje jukwaani? Wangetaka ule mluzi."

Dada alipofika hapo kwenye masimulizi akacheka mpaka akashika ukuta. Mdogo wake hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu enzi za baiskeli. "Mtu mmoja," akasema, "kwa uongo mmoja, amenyamazisha wawili! Alikuwa na kipaji, yule mpumbavu."

Moja-au-Mbili akarudisha kisanduku cha fedha dukani. Injinia akakitoa kwenye sanduku lake, akakikagua, akamtazama mteja.

"Kwa hiyo ni cheusi."

"Ni cheusi."

"Wengi huchukua hiki. Wanasema kile kikavu."

"Ni kikavu kweli. Siku ya kwanza sikukipenda." Akafikiri jinsi ya kumweleza. "Wateja wangu wengine wanataka lenzi yenye rangi kidogo, dunia ionekane ya kupendeza zaidi. Siwalaumu, nawapa. Ila kuna mtu anataka kujua tu aliyesimama ng'ambo ya barabara ni nani."

Injinia akaitikia kwa kichwa polepole, akaanza kuandika risiti. Kisha akaweka kalamu chini. "Ulimtambua nani?"

Akamsimulia, na duka likafungwa nusu saa kabla ya wakati wake.

Jumapili iliyofuata dada alikuja na mgeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, anatembea kwa fimbo. Wale wanawake wawili hawakuwa wameonana uso kwa uso hata siku moja. Walikuwa wamepishana kwa siku moja katika chumba kimoja. Waliingia kwenye chumba cha santuri, wakakalia kochi moja. Mwenye nyumba akapiga wimbo, akajivuna kidogo, akaanza kuwaeleza kuhusu kisanduku, jinsi kinavyorudisha besi na kupunguza sauti nyembamba.

"Mdogo wangu," dada akamkatisha, "rudisha pale mwanzo wa ubeti wa tatu, halafu unyamaze."

Walitaka kusikia kosa. Walibishana. Mgeni alisema pale angeingia mapema. Dada alisema angeingia mapema angemkanyaga mwimbaji. "Hebu nionyeshe," mgeni akasema. Dada akatazama mlango, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. Kisha akafungua mdomo.

Sauti ilitoka imejaa kutu. Ilikwama katikati, akakohoa, akaanza upya chini kidogo. Mgeni akaingia naye kwa juu, polepole, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye ngazi. Waliufikisha ubeti mwisho, vibaya. Wakaurudia, si vibaya sana.

Moja-au-Mbili aliinua sindano kwenye santuri, akaiweka mahali pake. Akatoka kwa kunyata, akavuta mlango, akamkuta mkewe kwenye korido ameegemea ukuta, mikono imelowa.

"Nimewasikia wakipanga kuja tena Jumapili ijayo," mkewe akanong'ona. "Mgeni atamleta na dada yake, anaimba sauti ya tatu. Wanataka chumba kuanzia saa nane. Wewe utasikilizia wapi santuri zako?"

"Sijui," akasema. Akavuta kiti kidogo cha korido, akampisha mkewe nusu yake, wakakaa wote wawili wamebanana, wakasikiliza.